Kiinua Mgongo cha Rubani Aliyebakisha Miezi Saba

SALIM: Hamjambo nyote mnaotusikiliza. Leo tuko Kuze, hapa Mombasa, ghorofani kwa Bi Rukia. Madirisha yako wazi kwa sababu ya joto, kwa hivyo mkisikia vikombe vinagongana ni muuza kahawa anapita chini, si sisi. Mimi ni Salim.

BI RUKIA: Na mimi ni Rukia, niliyeahidiwa kwamba leo hatuzungumzi siasa.

SALIM: Si siasa, ni marubani. Juzi tulikuwa barazani, mwenzetu mmoja anafanya kazi pale uwanja wa ndege wa Moi, mazungumzo yakafika kwenye kampuni za ndege zinapopunguza watu. Swali likawa hili: rubani wa miaka 64 na rubani wa miaka 30 wamepewa barua siku moja. Nani anastahili kulipwa zaidi? Nusura watu washikane mashati.

BI RUKIA: Na wewe ulishika shati la nani?

SALIM: La mzee, maana mimi niko upande wa kijana, nakwambia mapema. Hebu sikiliza hesabu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inasema mtu akiachishwa kwa sababu kazi zimepunguzwa, alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Kuna na notisi ya mwezi au pesa badala yake, na likizo ambazo hakuzichukua. Sasa kapteni ametumikia miaka 30. Siku 15 mara 30 ni siku 450. Mwezi tukiuhesabu siku 30, hiyo ni mishahara 15. Lakini yeye ana miaka 64, na akifika 65 hawezi tena kurusha ndege ya abiria ya kimataifa. Tuseme amebakisha miezi 10. Akibaki kazini anapata mishahara 10, akifukuzwa anapata 15! Kijana naye ametumikia miaka 4, anaondoka na siku 60. Miezi miwili, na mkopo wa shule ya urubani bado unamsubiri benki.

BI RUKIA: Usiseme kufukuzwa. Kufukuzwa ni kwa kosa. Huyu amepunguzwa, hana kosa lolote, na sheria yenyewe inatenganisha mambo hayo mawili.

SALIM: Haya, amepunguzwa. Hesabu inabadilika?

BI RUKIA: Hesabu haibadiliki, lakini umemchagua mzee anayekufaa wewe. Mchukue wa miaka 58 aliyetumikia 24. Siku 360, mishahara 12. Mpaka afike 65 amebakisha miaka 7, yaani miezi 84. Hapo nani mshindi?

SALIM: Lakini huyo wa 58 anaweza kutafuta kazi kwingine.

BI RUKIA: Wapi, mwanangu? Rubani si dereva wa matatu, ukishuka hii unapanda ile. Leseni yake ina aina za ndege alizosomea. Kama alikuwa Embraer na kampuni mpya ina Boeing, lazima asomeshwe upya, mashine za kuigiza, mitihani, gharama kubwa. Mwenye kampuni anapiga hesabu zake: nimsomeshe huyu anirushie miaka mingapi? Na kampuni nyingi zina orodha ya ukubwa kazini. Kapteni wa miaka 58 akihamia huko anaanzia mkiani, pengine akae kiti cha kulia kama rubani msaidizi. Na huku nyuma, siku 90 zikipita bila kuruka na kutua mara tatu, haruhusiwi kubeba abiria mpaka arudie. Akishapita 60 anapimwa afya kila miezi sita. Kila mwezi anaokaa nyumbani unamla.

SALIM: Kijana pia unamla.

BI RUKIA: Unamla, sikatai. Lakini yeye ana miaka 35 mbele ya kuufidia.

SALIM: Kabla hatujaendelea, hiyo 65 wewe na mimi tunaitaja kama imeshuka kutoka mbinguni. Ilikuwa 60.

BI RUKIA: Ndiyo, na hapa ndipo pana utamu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliipandisha kutoka 60 hadi 65 mwaka 2006, mwezi Novemba. Tena si bila masharti: ukiwa umepita 60, mwenzako kwenye chumba cha rubani lazima awe chini ya 60. Sharti hilo likaondolewa Novemba 2014. Lakini anayerusha peke yake, ndege ndogo ya abiria ya rubani mmoja, kiwango cha kimataifa kilibaki 60. Kumbuka hilo, nitalirudia.

SALIM: Marekani walikuja nyuma kidogo, Desemba 2007. Na kulikuwa na juhudi za kuifikisha 67, lakini Bunge lao likakataa mwaka 2024.

BI RUKIA: Sasa jiulize, kampuni ikisema "wewe umekaribia kustaafu," inahesabu kustaafu kupi? Kwa leseni au kwa mkataba? Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani, walikuwa na makubaliano na chama cha marubani kwamba rubani anaondoka akifika 60. Sheria za anga zinamruhusu mpaka 65. Marubani wakaenda mahakamani, kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 2011 ikaamua kwamba hayo ni ubaguzi wa umri. Kama sheria za anga zinasema unaweza kurusha salama, chama na mwajiri hawawezi kukaa wawili na kuamua kwa jina la usalama kwamba huwezi.

SALIM: Hapo nakubaliana nawe kabisa. Lakini mimi sisemi mzee hawezi kurusha. Nasema akiwa amebakisha miezi 10, mpe mishahara 10. Usimpe 15. Kampuni inazama, fungu ni moja, hiyo mitano ya ziada wape vijana. Ubaya uko wapi?

BI RUKIA: Waingereza walifanya hivyo, tena kwa sheria. Malipo ya kupunguzwa kazini yalikuwa yanakatwa sehemu moja ya kumi na mbili kwa kila mwezi unaopita baada ya kutimiza miaka 64. Ukigonga 65, umebaki mikono mitupu. Wakaifuta mwaka 2006 walipoleta kanuni za kuzuia ubaguzi wa umri kazini.

SALIM: Waingereza wameifuta. Sisi je?

BI RUKIA: Sisi hatukuwahi kuwa nayo. Soma kifungu cha 40 chenyewe. Kinasema si chini ya siku 15 kwa kila mwaka. Hakisemi "isipokuwa amezeeka." Kampuni ikitaka kuweka kikomo, iweke kwenye nyongeza inayotoa kwa hiari yake juu ya kiwango hicho. Siku 15 haziguswi, hata kama mtu amebakisha wiki moja.

SALIM: Na hicho kikomo cha kwenye nyongeza, si ubaguzi pia?

BI RUKIA: Hilo ndilo la kubishaniwa. Sheria ya Ajira, kifungu cha 5, ilivyoandikwa 2007, ina orodha ndefu ya ubaguzi: rangi, jinsia, dini, kabila, mimba, ulemavu. Umri haumo. Lakini Katiba ya 2010, ibara ya 27, imeutaja umri wazi. Wakili mzuri atasimama hapo.

SALIM: Kikomo kwenye nyongeza mimi sioni kosa lake.

BI RUKIA: Mimi naliona, ila si kubwa. Kinachoniudhi ni lugha. Sisi Waswahili tuna jina la pesa hizi, kiinua mgongo. Mgongo umeinama miaka 30, unainuliwa kwa kiasi ulivyoinama. Ukianza kuhesabu miezi aliyobakisha, umeacha kuinua mgongo, unampa posho ya kungojea uzee.

SALIM: Bi Rukia, neno zuri halilipi mkopo wa mtu.

BI RUKIA: (anacheka) Halilipi, kweli.

SALIM: Basi nikuulize la pili. Nani aondoke kwanza? Sheria inataja muda wa kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu. Vyama vinapenda aliyeingia mwisho atoke kwanza. Huo muda wa kazini ndio unaomlinda mzee, na bado anapata kikapu kikubwa siku akitoka. Analindwa mara mbili.

BI RUKIA: Ndiyo maana mimi napenda waanze na wanaotaka wenyewe. Fungua mlango wa hiari, toa nyongeza nono, utashangaa wazee wangapi watauchukua bila kuvutwa.

SALIM: Delta, kampuni ya ndege ya Marekani, walifanya hivyo 2020, wakati wa korona. Marubani zaidi ya 1,700 walistaafu mapema kwa hiari. Haukupita muda abiria wakarudi, marubani wakawa hawatoshi.

BI RUKIA: Unaona? Uzoefu uliondoka na begi lake. Lakini angalau waliondoka wakijua wanachokubali. Hiari ni hiari kweli mtu akipewa karatasi, hesabu, na muda wa kwenda nayo nyumbani. Si kuitwa Ijumaa saa kumi alasiri.

SALIM: Na hapa kwetu jambo la uzeeni liliwahi kusimamisha ndege. Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma, na dai lao moja kubwa lilikuwa mchango wa mwajiri kwenye mfuko wao wa akiba ya kustaafu, uliosimamishwa wakati wa korona.

BI RUKIA: Nakumbuka, watu walikwama. Wengi walikasirika, ati wanalipwa vizuri, wanataka nini tena? Lakini fikiria, aliye na miaka 62 mchango ukisimama miaka miwili, ataufidia lini?

SALIM: Sawa. Ulisema utarudia habari ya ndege ya rubani mmoja.

BI RUKIA: Mjomba wangu. Jina tuliache, na kampuni tuiache. Alikuwa akirusha ndege ndogo kutoka hapa Mombasa, Lamu, Mara, peke yake na abiria nyuma. Akiwa na miaka 59, sheria hii ya sasa ikiwa inatumika tayari, kampuni ikapunguza watu. Alikuwa ametumikia miaka 19 kamili, amebakisha miezi 7 kufika 60. Barua ninayo hapa, ngoja nivae miwani. Inasema: "Malipo hayatazidi mishahara ya muda uliobaki kabla ya kustaafu."

SALIM: Wakampa saba.

BI RUKIA: Saba. Naye alifurahi! Alitwambia wamemlipa mpaka siku ya mwisho bila kufanya kazi. Alitununulia mbuzi.

SALIM: Lakini Bi Rukia, hicho ndicho nilichokuwa nakitetea mimi. Saba za kubaki, saba za kutoka. Hakupoteza kitu.

BI RUKIA: Piga hesabu yako ile ya mwanzo.

SALIM: Siku 15 mara 19... 285. Gawa kwa 30. Mishahara tisa na nusu.

BI RUKIA: Hicho ndicho kiwango cha chini cha sheria. Hakuna nyongeza hapo.

SALIM: Kwa hivyo kikomo chao kilikuwa kinyume cha sheria.

BI RUKIA: Na yeye ametia sahihi. Nilipoiona mimi barua, ilikuwa imepita miaka minne. Madai ya kazi yana miaka mitatu, basi. La kuvunda halina ubani.

SALIM: Alikosa miwili na nusu.

BI RUKIA: Miwili na nusu. Na yule kijana wako wa miaka 30, mwenye mkopo, ulisema analipwa ngapi?

SALIM: Miwili.

BI RUKIA: Yote kwa jumla.

SALIM: Hebu tumwite huyo muuza kahawa kabla hajakata kona.