Jarida la Kanisa ni la Yule Hakuja Jumapili

Bwana asifiwe. Asanteni kwa kufika, najua Jumamosi hapa Nairobi kila mtu ana shughuli yake, kuna wameacha duka na kuna wametoka Kayole na Rongai na hiyo jam yote, kwa hivyo niingie kwa maneno moja kwa moja.

Mlisema niongee vile jarida la kanisa linaweza kutengenezwa mpaka watu walisome. Nimepitia nakala zote mlinitumia, na kabla tufike kwa rangi na picha nataka niwaulize, hili jarida mnaandikia nani? Kwa sababu nyingi zimeandikiwa mtu alikuwa ndani ya kanisa, amesikia mahubiri, amesikia matangazo, halafu akitoka anapewa karatasi inamwambia yale yale. Huyo hana shida nayo, ataikunja aweke ndani ya Biblia na itakaa hapo.

Mwenye jarida ni yule hakuja. Ni soja wa usiku anayefika nyumbani wakati ibada ya kwanza inaanza, ni nesi wa shifti, ni mama amejifungua juzi, ni shosho amevunjika nyonga yuko kitandani Dandora, ni kijana alienda kazi Qatar na bado anajihesabu wa kwenu. Mnakumbuka 2020, wakati wa korona? Makanisa yalifungwa Machi, halafu Julai tukaruhusiwa kurudi watu 100 tu, ibada ya saa moja, na waliopita miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Wazee wetu, wale walitoa mawe na mchanga kanisa likajengwa, ndio walibaki nje. Sasa kama njia yenu ya pekee ya kuongea na washirika ni mtu kusimama mbele na maikrofoni, wazee kama hao mnawafikia aje?

Na hii kazi si ngeni kwa Kiswahili. Wamishenari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, kule Zanzibar walikuwa na gazeti lao, Msimulizi, tangu 1888, lilikuwa linabeba habari za vituo mbalimbali vya misheni ili walio huku wajue wenzao walio kule wanaendeleaje. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Ukishajua unamwandikia nani, hata tangazo linabadilika. Hili nimelitoa kwa nakala moja: "Kina mama wote wanaombwa kuhudhuria mkutano muhimu Jumamosi saa 2 bila kukosa." Sasa wewe ni yule nesi, unasoma ukiwa kwa matatu. Jumamosi gani? Wapi? Hiyo saa 2 ni asubuhi, ama ni mtu ameandika saa ya Kizungu na anamaanisha saa nane mchana? Hapa Nairobi tunasoma saa njia mbili, na watu wanakosa mikutano kwa sababu ya hiyo tu. Afadhali hivi: "Kina mama, tukutane Jumamosi tarehe 14, saa nane mchana, kwa ukumbi wa sande skul, tugawane zamu za kupika siku ya mavuno. Kama utakuwa kazini, tuma jina lako kwa kiongozi wa jumuiya yako, utapangiwa zamu." Limekuwa refu kidogo, ni sawa, lakini yule hawezi kuja amepata nafasi yake.

Ukurasa wa kwanza nao. Nyingi zina picha kubwa ya mchungaji na ujumbe wa kujaza ukurasa mzima. Namheshimu mchungaji sana, na naomba apewe aya mbili, maana kwa mahubiri anayo mimbari yake. Hapo mbele weka watu: nani amefiwa na mazishi ni lini, nani amepata mtoto, yule fundi wa kwaya anatafuta kazi, vijana walienda kumfulia shosho nguo wakakuta anaimba.

Lakini muulize mtu kwanza! Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na habari za afya ya mtu zimewekwa humo kama data nyeti. Usiandike ndugu fulani ana saratani eti kwa sababu tunamwombea. Pengine hata mwajiri wake hajui. Picha za watoto, upate ruhusa ya mzazi.

Pesa niseme wazi: ile orodha ya nani ametoa ngapi kwa harambee, toeni. Mjane aliyetoa 50 anaona jina lake chini kabisa na mwezi ujao haji. Andikeni jumla iliyopatikana na imefanya nini, mabati mangapi, karo ya nani imelipwa kama amekubali kutajwa. Nambari ya Paybill, ile ya kutuma sadaka kwa M-Pesa, isomwe na watu wawili kabla ya kuprinti.

Kuhusu karatasi sitakaa sana. A4 moja ukiikunja katikati unapata kurasa 4, zinatosha, nyeusi na nyeupe, fotokopi ya kawaida, na herufi za pointi 14 kwa sababu ya macho ya wazee. Kwa WhatsApp msitume PDF nzito ya kumaliza mtu bando, bandikeni maneno yenyewe kwa meseji. Mwenye kabambe, ile simu ndogo haina WhatsApp, apelekewe karatasi na mtu wa jumuiya yake, na huyo mtu aketi kidogo, asiiache mlangoni. Itoke kila mwezi, tarehe ile ile. Ya kila wiki mtachoka kabla ya Pasaka.

Haya, kila kundi lichukue kalamu. Andikeni majina ya washirika 10 ambao hamjawaona kanisani mwezi huu, na kando ya kila jina mwandike ni nani atampelekea nakala. Makarani wa kule nyuma, anzeni nyinyi.