Mtungi wa Akiba: Kumkumbuka Msimamizi wa Hospitali

Mjane wa marehemu, watoto na wajukuu, wenzangu tuliofanya kazi chini yake, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mtu ambaye hakuwahi kumtibu mgonjwa hata mmoja, ingawa alishinda hospitalini tangu ujana wake hadi alipostaafu. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi ulitaja vyeo, vyeti na miaka ya utumishi, nami sina neno nao. Ila ulinikumbusha jinsi ilivyo vigumu kuisimulia kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani.

Wengi wetu tulifundishwa habari za Ignaz Semmelweis, daktari ambaye mwaka 1847, katika wodi ya wazazi mjini Vienna, aliwaagiza madaktari na wanafunzi wao wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vilivyotokana na homa ya uzazi vikashuka sana. Marehemu aliipenda habari hiyo, lakini kila ilipotajwa kikaoni aliuliza swali lilelile: beseni alikuwa akilijaza nani? Tulikuwa tukicheka. Ugunduzi una mwenyewe na una tarehe. Aliyehakikisha kwamba dawa imo beseni Jumapili usiku, mwezi baada ya mwezi, hana anayemwandika.

Mimi nilikuwa mtunza bohari. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na zimo ambazo zikiganda huharibika bila chupa kuonyesha chochote kwa macho, ndiyo maana joto la friji husomwa na kuandikwa asubuhi na jioni. Siku moja alifungua daftari langu akakuta nyuzi 4 kwa siku sita mfululizo, wino uleule, mwandiko umelalia upande uleule. Akanitazama, akaliweka daftari chini taratibu, akaniuliza kama ile ni friji au ni saa iliyosimama. Barua ya onyo niliyoitarajia haikuja. Alichofanya ni kuja bohari siku kumi zilizofuata, asubuhi na jioni, tukasoma kipimajoto pamoja, yeye akitamka namba nami nikiandika. Tangu hapo sijawahi kuandika namba ambayo sikuiona.

Jenereta nalo alitaka lijaribiwe likiwa na mzigo, yaani umeme uzimwe kwa makusudi, wakati ambapo hakuna mgonjwa mezani, na chumba cha upasuaji kihamie kwenye jenereta. Alisema kwamba injini inayonguruma bila kubeba kitu imethibitisha tu kuwa inajua kunguruma. Kwa upande wa fedha alikuwa mgumu, tusifichane, na wapo madaktari waliomnunia kwa sababu hakutia saini ununuzi wa mashine yoyote mpaka aambiwe ni nani ataitengeneza na vipuri vitatoka wapi. Mara nyingine ugumu huo ulituchelewesha bila sababu. Nilimwambia hivyo akiwa hai, kwa hiyo sioni haya kulisema leo.

Nyumbani, gharama ya kazi hii ililipwa na watu walioketi hapa mbele. Mama alizoea kusema kwamba hospitali ni mke mwenza ambaye hata siku isiyo zamu yake hakubali kunyamaza, kwani simu ililia usiku, ililia mezani, ililia siku za sikukuu. Binti yake mkubwa amenipa ruhusa niseme kwamba kwa miaka mingi alimwonea hospitali wivu. Hata hivyo, ananiambia, Baba hakuwahi kulala kabla ya kupita chumba kwa chumba akihakikisha kila mtoto amefunikwa, hata aliporudi usiku wa manane, na kama mtoto alikuwa macho aliketi pembeni ya kitanda na koti lake mwilini, akasikiliza habari za shule hadi mwisho.

Alipostaafu, simu ilinyamaza, na nadhani kimya kile kilimuuma kuliko alivyokiri. Akahamishia ukaguzi kwenye kabati la dawa la nyumbani: zenye tarehe ya karibu kuisha zikawekwa mbele, za mbali nyuma, kama bohari. Wajukuu wakajifunza kusoma tarehe hizo kabla hawajajua kusoma saa.

Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amelazwa, anapumua kwa msaada wa oksijeni, maneno yanamtoka kwa shida. Nilidhani ataniulizia watu wa kazini. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye geji ya mtungi wa oksijeni, nikamsomea. Kisha akauliza mtungi wa akiba uko wapi. Nikausogeza mlangoni, mahali atakapouona. Akautazama kidogo, akamshika Mama mkono, akafumba macho apumzike.