Majina Kwanza, Skana Baadaye: Kuhifadhi Picha za Zamani za Bagamoyo

Shikamooni wazee wetu. Vijana, sogeeni mbele, maana sehemu kubwa ya kazi hii itawaangukia nyinyi.

Mji wetu ni mdogo, lakini kamera iliufikia mapema. Wamisionari Wakatoliki waliweka makazi hapa mwaka 1868, kisha Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao hadi 1891. Leo ukiingia mtandaoni kwenye hifadhi ya picha za kikoloni ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, au kwenye mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, utaiona pwani hii. Sasa soma maelezo yaliyoandikwa chini. Mara nyingi jengo lina jina, na mtu aliyesimama mlangoni hana. Majina ya watu yako kwenu, kwenye masanduku na albamu za nyumbani, na zaidi yako vichwani mwa wazee. Ndiyo maana nasisitiza kwamba majina yatangulie, skana ifuate. Skana tunaweza kuiazima hata mwakani. Bibi wa miaka tisini hatuwezi kumwambia atusubiri.

Keti na mzee asubuhi, kabla jua halijawa kali, na picha zisizidi ishirini kwa kikao kimoja. Zikizidi, mzee huchoka, na mtu aliyechoka hutaja jina la kwanza linalomjia. Usimuulize "mwaka gani?" Muulize: tulikuwa tumeshapata uhuru? Mapinduzi ya Unguja yalikuwa yameshatokea? Ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada? Huyu mtoto aliyebebwa ni nani, na ana umri sawa na nani katika ukoo? Kwa majibu hayo utapata mwaka, au angalau miaka mitatu minne ya kuuzungushia.

Andika kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, ukianza na waliokaa chini. Jina la mtu, la baba yake, la babu yake, na jina la utani ambalo mtaa ulimjua nalo. Mwanahamisi au Omari wako wengi mno. Jina moja halitamsaidia mjukuu. Undugu nao uwe kamili: si "shangazi" peke yake, bali shangazi wa nani. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili, pamoja na jina la msemaji na tarehe ya kikao. Asiyejulikana mwandike hajulikani. Jina la kubahatisha likishaandikwa, watu hulinakili kama kweli, na kulifuta baadaye ni kazi.

Kalamu ya wino isiguse nyuma ya picha. Mgandamizo wake hutokeza upande wa sura, na unyevu wa huku kwetu huutawanya wino hadi ukapenya. Tumia penseli laini ya 2B, picha ikiwa juu ya meza ngumu, uandike pembeni. Picha nyingi za rangi zina mgongo wa plastiki usioshika penseli. Hizo ziandikie bahasha, kabla ya kuitia picha ndani.

Huo mgongo wenyewe ni shahidi. Karatasi ya picha iliyopakwa plastiki ilienea kuanzia kama mwaka 1970, kwa hiyo mgongo laini wa namna hiyo haukuwepo siku ya uhuru. Ukiwa nao kwenye picha ya tarehe 9 Desemba 1961, ujue mkononi una nakala iliyosafishwa baadaye, na huenda ya asili bado ipo kwa ndugu mwingine. Bendera pia husema, hata kwenye picha nyeusi na nyeupe. Ya Tanganyika ilikuwa na mistari ya kulala. Ya Muungano, tangu 1964, ina mkanda wa mshazari. Hapo watu wengi hukosea, kwa sababu bendera ya TANU nayo ilikuwa ya mistari ya kulala na ilitumika mpaka CCM ilipozaliwa Februari 1977. Hesabu mistari: TANU ni mitatu mipana, ya Tanganyika ina mistari miwili myembamba ya njano katikati ya mipana. Kwa mahali, tazama madirisha, baraza na umbo la ukuta kuliko mlango wa nakshi, maana mlango hung'olewa ukahamishwa.

Sasa uharibifu. Adui wa kwanza wa picha hapa ni unyevu. Hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huota kwenye ile tabaka ya juu, ambayo ni jelatini, yaani chakula cha kuvu na cha mende. Picha iliyo kwenye fremu huganda kwenye kioo. Ukiigeuza fremu kwenye mwanga utaona madoa yanayong'aa kama yamelowa: hapo ndipo iliposhika. Usiibandue. Sura ya mtu itabaki kwenye kioo na karatasi tupu mkononi. Iskani ikiwa na kioo chake, au ipige kwa simu kupitia kioo.

Zile albamu za kurasa za gundi zenye plastiki juu, zilizopendwa sana miaka ya 1970 na 1980, ndizo zilizoangamiza picha nyingi za rangi. Pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno nyuma ya picha, taratibu, kama unayekata sabuni. Ukigoma, acha, skani ukurasa mzima. Picha zilizolowa na mvua ya masika zitenganishe zingali majimaji, ndani ya beseni la maji safi ya baridi, kisha zianike kivulini, sura juu. Na negativu, yaani filamu ambazo picha zilisafishwa kutoka kwazo, zikinuka siki zitoe mara moja, maana mvuke wake huharibu za jirani.

Skani kwenye kipupwe, Juni hadi Septemba, wakati hewa imekauka kidogo. Picha ya kawaida, nukta 600 kwa inchi; picha ndogo ya pasipoti, 1,200; negativu ndogo, 2,400 au zaidi. Skana iwekwe kwenye rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Picha ya inchi 4 kwa 6 itakupa pikseli 2,400 kwa 3,600, faili la TIFF (aina isiyopunguza ubora wa picha) la megabaiti 26 hivi. Hilo ndilo la kuhifadhi bila kuligusa. Skani na nyuma pia, hata kama pana muhuri wa studio tu. Kwa simu, kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua, zima flashi, simu iwe sambamba na picha.

Kushirikiana ndiko kunakohitaji adabu zaidi. WhatsApp huibana picha, na maelezo uliyoyaandika chini yanaweza kupotea inapopelekwa mbele. Tengeneza nakala ya JPEG (faili jepesi la kutumiana) yenye ukanda mweupe chini, majina yawe ndani ya picha yenyewe, na uitume kama faili. Picha za harusi za chumba cha wanawake, wakiwa bila mitandio, hazitoki bila ruhusa ya wenyewe au watoto wao. Mzee akieleza nani alikuwa mtumwa wa nani, na mji huu una historia hiyo, maneno hayo yakae kwenye daftari la familia husika.

Watafuteni pia waliohama. Baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971, familia za Kihindi ziliondoka katika miji mingi ya nchi hii, na albamu zikaondoka nazo. Mlio na jirani wa zamani Kanada, Uingereza au Omani, mpelekeeni picha moja yenye majina, naye atafungua albamu yake.

Nakala ziwe tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja kwa ndugu wa mji mwingine. Flashi ya USB peke yake isitegemewe. Kisha chapa kila picha kwenye karatasi ya A4, majina chini, mrudishie mzee aikague. Picha ikiwa kubwa, mara nyingi humtambua yule mliyemwandika hajulikani, na hapo hapo husahihisha mawili matatu mengine. Nendeni na penseli.