Gololi, Mabanio na Kompyuta: Tunavyoamua Maji ya Ruaha Mkuu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie zana za kusaidia uamuzi katika tathmini ya mazingira. Najua wengi wenu mmeshaanza kuwaza kompyuta na ramani za rangi rangi. Tutafika huko. Kwanza nataka niwaeleze juu ya ubao.

Ni ubao wa mbao ulioinamishwa, wenye mto katikati na vishimo pembeni. Unamwaga gololi kutoka juu. Gololi ndiyo maji, vishimo ndiyo mashamba, na vijiti unavyovipachika ndiyo mabanio, yaani vizuizi vya kuchepusha maji ya mto yaende mashambani. Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, ndiye aliyeubuni, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulichezwa na wakulima wa Usangu, kule juu kwenye bonde la mto Ruaha Mkuu. Duru ya kwanza kila mtu anajichotea. Wa juu wanajaza vishimo mpaka vinafurika, wa chini wanakodoa macho. Kisha watu wanabadilishana nafasi. Aliyekuwa juu akishakaa chini mara moja tu, mazungumzo yanabadilika, na hapo ndipo watu wanaanza kupanga zamu.

Sasa twende mtoni kwenyewe. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kipindi hichohicho nchi ilikuwa na mgawo wa umeme, kwa kuwa maji ya mto huu hujaza bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80, kisha hushuka hadi bwawa la Kidatu, lenye megawati 204. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili: mto umekauka, taa zimezimika, basi wenye mpunga na wenye ng'ombe wa Usangu wamemaliza maji. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa, na 2008 Pori la Akiba la Usangu likaingizwa kwenye Hifadhi.

Watafiti waliokaa na takwimu hizo mwezi kwa mwezi waliona kitu kingine. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Maji yanayokosekana kiangazi ni machache mno kulijaza bwawa la ukubwa ule, na hata yangeachwa yote yapite, sehemu kubwa ingepotelea kwa mvuke kwenye ardhioevu ya Ihefu. Kwa hiyo wakahoji namna malango ya bwawa yenyewe yalivyokuwa yakifunguliwa. Lakini kwa kiboko, kwa samaki, na kwa mama anayechota maji kijiji cha chini, hayo machache ndiyo kila kitu.

Kumbe yalikuwa matatizo mawili. La umeme ni la masika na la bwawa. La viboko ni la miezi michache kabla ya mvua. Ukitumia wastani wa mwaka, yote mawili yanafichika, na dawa ya moja unampa mgonjwa mwingine. Kwangu mimi, programu ya kompyuta kama Ruaha Basin Decision Aid, iliyotengenezwa kwa ajili ya bonde hili, faida yake kubwa iko hapo: inakulazimisha useme ni mwezi gani na ni maji ya nani. Kuamua bado ni kazi ya watu. Na tuambiane ukweli, kipimo cha maji kikisombwa na mafuriko, kompyuta haitalalamika. Itaendelea kukupa namba nzuri tu.

Mabanio yananiudhi zaidi. Ya zamani yalikuwa ya magogo, mawe na majani, yanavuja. Tukaja na fedha za miradi, tukajenga ya zege, tukayaita bora. Ule uvujaji ulikuwa fungu la mtu wa chini! Na kibali cha kutumia maji kikiandikwa lita kadhaa kwa sekunde, mwezi wa Novemba mto wote unaweza kuwa na maji pungufu ya kibali kimoja. Mwenye banio akiubeba mto mzima, hajavunja sheria yoyote ya kibali chake, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka maji ya nyumbani kwanza na mazingira ya pili.

Tathmini ya Athari kwa Mazingira nayo huishia kwenye mpaka wa skimu, yaani mradi mmoja wa umwagiliaji. Kila skimu inapita, "haina athari kubwa", na mto unakufa kwa athari ndogo ndogo zilizoidhinishwa. Hapo kompyuta inahitajika kweli, maana hakuna mtu anayeweza kujumlisha mabanio yote ya bonde kichwani.

Ninyi wanafunzi, kesho mtakaa NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na kwenye Bodi za Maji. Ripoti ya skimu ikiletwa mezani, ombeni jedwali la Novemba la kituo cha kupimia maji cha chini kabisa, likiwa na mabanio yote ya juu, si la mwombaji peke yake. Kisha ulizeni kama kibali kinaweza kuandikwa kwa sehemu ya mto badala ya lita, ili mto ukipungua na banio nalo lipungue. Wahandisi watasema ni vigumu kulijenga banio la namna hiyo. Si rahisi kweli, ila inawezekana, na kwenye ubao wa gololi wakulima huanza kulijadili wenyewe.

Nakaribisha maswali.