Fundi Anasema Nini? Jinsi ya Kuelewa Maneno ya Saiti Kabla Hujatoa Hela

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo ni ya wale mnaojenga au mnakarabati nyumba, ile umesimama saiti fundi anakwambia "bosi linta imeshafungwa, tunaingia fasti fiksi, skridi tutamwaga wiki ijayo" na wewe unaitikia sawa sawa huku hujaambulia kitu. Usione haya, wote tumepita hapo. Ila mimi nimegundua neno usilolijua halina shida sana maana utauliza, linalokula hela ni lile unalodhani unalijua. Chukua ramani yako na ile karatasi ya bei uliyopewa, weka mezani, twende.

Hatua ya 1, ramani. Angalia pembeni kwa chini utaona skeli, labda 1:100 au 1:50. Kwenye 1:100 sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya saiti, kwenye 1:50 sentimita mbili ndio mita moja. Lakini usije ukachukua rula ukapima halafu ukaenda kuagiza dirisha, karatasi ikishatolewa kopi inaweza kusinyaa, fuata namba zilizoandikwa. Na namba zenyewe mara nyingi ni milimita, kwahiyo ukiona 3600 hiyo ni mita 3.6, usishtuke. Plani ni nyumba imekatwa juu unachungulia vyumba, elevesheni umesimama nje unaangalia sura yake, na sekshen umeikata katikati kama mkate, hapo ndio unaona kimo cha dari, unene wa zege la sakafu, yani vitu ambavyo plani inavificha.

Hatua ya 2, tupande na nyumba toka chini. Msingi unajua, jamvi ni lile zege la sakafu, juu yake kuta, juu ya kuta kenchi za kubeba paa. Sasa simama kwenye linta. Linta kwa maana yake ni kile kipande cha zege kinachobeba tofali juu ya mlango au dirisha tu, ule mkanda unaozunguka nyumba nzima ni ringi bimu, ila mafundi wengi vyote wanaita linta. Ukikubaliana bei ya "linta" hakikisha mnaongea kitu kimoja, maana nondo na zege la mkanda mzima sio sawa na vipande vya juu ya madirisha. Na kama unataka kuvunja ukuta sebule iwe kubwa, uliza kwanza kama ni ukuta wa kubeba uzito wa juu au wa kugawa chumba tu. Hilo swali aulizwe injinia, sio mtu anayepita njia.

Hatua ya 3, naomba hapa usirushe video. Kwenye sekshen tafuta herufi FFL. Hiyo ni usawa wa sakafu ikishamalizika kabisa, yani pale unyayo wako utakapokanyaga. Mimi hizi herufi niliziona nikazipita kama sijaziona. Milango ikaja mizuri, ikafungwa kwa kupimia jamvi likiwa tupu, baadae ikaja skridi, ule mchanga na saruji wa kunyoosha sakafu, milimita 50, gundi ya tailizi kama 5, na tailizi yenyewe 10. Jumlisha hapo, 65! Milango yote ikakwama, tukaikata chini moja moja na ile ya chooni ikachanika rangi, fundi wangu ananiambia "lakini bosi tulipima". Kweli tulipima, tulipima sakafu ambayo haikuwa sakafu. Kwahiyo kabla ya mlango, kabati la jikoni au ngazi, muulize fundi: unapimia kwenye jamvi au kwenye FFL?

Hatua ya 4, finishingi. Fasti fiksi ni mabomba na paipu za waya zinapita ukutani kabla ya lipu, sekandi fiksi ni swichi, soketi, bomba za sinki, baada ya lipu na mara nyingi rangi ikiwa imeshaanza. Maana yake siku ya kusema "hapa nataka soketi ya tv" ni kabla ya lipu, ukikumbuka baadae ukuta unachanwa na unalipa mara mbili. Lipu yenyewe ni saruji na mchanga, skimingi ni lile tabaka jembamba la juu la kulainisha ukuta upokee rangi. Skatingi ni mkanda wa chini ukutani unaoficha ule mwanya wa sakafu na ukuta, kornisi ni wa juu kwenye dari. Grauti ni ile ya kujaza katikati ya tailizi, sio gundi, hivi vitu viwili usivichanganye dukani.

Taa nazo kidogo. Kwenye boksi kuna namba yenye K, 2700 mpaka 3000 ni mwanga wa njano njano wa kupumzikia, 4000 ni mweupe wa kati, 6500 ni ule mweupe wa kubluu. Mtu anakwambia tu "nyeupe" unanunua 6500 unaweka chumbani, mnalala kama mko wodini.

Hatua ya 5, karatasi ya bei. Kwanza angalia ni leba chaji tu, au ufundi pamoja na vifaa. Halafu kipimo: lipu, rangi na tailizi ni mita za mraba, skatingi ni mita za urefu tu. Kabati za jikoni pia wengi wanauza kwa mita ya urefu, sasa uliza hiyo mita ni kabati la chini peke yake au na la juu, na meza ya juu imo? Ukikuta mstari umeandikwa "provishno samu" hiyo sio bei, ni makisio yamewekwa hapo kushika nafasi kwasababu kitu bado hakijachaguliwa, inaweza kupanda. "Verieshen" ni badiliko lolote nje ya mlichokubaliana, liandikwe na bei yake KABLA halijafanyika. Na retenshen ni sehemu ya malipo unayobaki nayo, mara nyingi asilimia 5 au 10, nusu unaachia kazi ikikabidhiwa na nusu muda wa kurekebisha kasoro ukiisha.

Hatua ya 6, snagi listi, orodha ya kasoro kabla hujasaini kupokea. Nenda usiku, zima taa zote, washa tochi ya simu uilaze ubavuni mwa ukuta mwanga utambae juu yake, kila bonde na kila kinundu cha skimingi kinajitokeza chenyewe. Kibandike alama ya masking tepu, piga picha, andika namba ya chumba.