Kumtafuta Stephen Hopkins: Kutoka Plymouth Hadi Hursley

Mabibi na mabwana, anayefuatilia nasaba ya mlowezi wa Kiingereza wa karne ya 17 hushawishika kuvuka bahari kabla ya wakati: hufungua vitabu vya ubatizo vya Uingereza, akaona jina linalofanana na analolitafuta, akatangaza kwamba amempata. Stephen Hopkins, aliyefika Plymouth, koloni la Kiingereza huko Amerika, kwa meli ya Mayflower mwaka 1620, alitendewa hivyo. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mtu wa Wortley, Gloucestershire, ilhali kilichomfunga na kijiji hicho kilikuwa jina tu, nalo halikuwa adimu.

Mimi ningeanzia mwisho wa maisha yake. Katika wosia wa tarehe 6 Juni 1644, Hopkins anamrithisha mwanawe Giles fahali mkubwa aliyekuwa mikononi mwa Bi. Warren, anampa mjukuu wake Stephen, mtoto wa Giles, shilingi 20 ambazo Bi. Warren alidaiwa kwa kumkodi fahali huyo, na Constance, mke wa Nicholas Snow, anaachiwa farasi jike. Wapenda visa vya mashujaa huiruka mistari hii, nami naiona yenye thamani kubwa, kwa sababu fahali mmoja ametuwekea vizazi vitatu mahali pamoja, na farasi ametuonyesha binti ameolewa na nani.

Gavana wa Plymouth, William Bradford, alipoorodhesha abiria wa Mayflower, aliongeza kwamba Giles na Constance walizaliwa na mke wa kwanza, na kwamba Damaris pamoja na Oceanus, aliyezaliwa baharini, walikuwa wa mke wa pili, Elizabeth. Kuanzia hapo hatumtafuti tena mtu mmoja mwenye jina la kawaida, bali baba mwenye Giles na Constance, ambaye mkewe alifariki kabla ya yeye kumwoa Elizabeth Fisher huko Whitechapel mnamo Februari 1618.

Ushahidi mwingine unatoka Bermuda, ambako meli ya Sea Venture ilivunjika mwaka 1609. Stephen Hopkins aliyekuwamo alihukumiwa kifo kwa kudai kwamba mamlaka ya gavana wa safari hiyo yalikoma meli ilipovunjika, kisha akasamehewa; na William Strachey, aliyeshuhudia, anaeleza kwamba alijitetea kwa kulia juu ya maangamizi ambayo yangewapata mkewe na watoto wake. Kwa hiyo familia ilikuwapo Uingereza tayari.

Mwaka 1998 mtafiti Caleb Johnson alichapisha alichokikuta katika rejista ya parokia ya Hursley, Hampshire: watoto wa Stephen Hopkins waliobatizwa ni Elizabeth mwaka 1604, Constance tarehe 11 Mei 1606, na Giles tarehe 30 Januari 1607, naye Mary, mke wa Stephen, alizikwa Mei 1613. Msomaji mwenye haraka angeweza kuikataa familia hii, kwa kuwa kati ya Mei 1606 na Januari 1607 haipiti hata miezi tisa. Lakini wakati ule mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, na Januari iliyoandikwa 1607 ni Januari 1608 kwa hesabu yetu. Basi Giles alibatizwa zaidi ya miezi ishirini baada ya dada yake, na pingamizi hilo linaanguka.