Waliokuja mikono mitupu: Krismasi na neema isiyolipiwa

Bwana Yesu asifiwe! Amina. Shikamooni wazee wangu, vijana habari zenu, akina mama asanteni sana kwa kuja pamoja na mvua hii na tope lote lile la barabarani.

Naanza na jambo linaloniuma. Kila Krismasi hapa Kigoma mjini kuna watu hawaji kanisani na wala sio kwamba hawaamini, hawana nguo mpya basi. Mama anakwambia mwaka huu tutasalia nyumbani, watoto sijawashonea kitu. Mwingine bahasha ya mchango hajairudisha anaona aibu, binti kazalia nyumbani anajua akiingia tu shingo zitageuka. Yaani sikukuu ya Mungu kuwajia watu imekuwa siku ya watu kujificha! Hii kitu inanikosesha usingizi jamani.

Haya tufungue Luka 2. Wa kwanza kuambiwa ni akina nani? Sio kuhani, sio Herode, ni wachunga kondoo wako kondeni usiku wanalinda mifugo. Na malaika hakuwauliza mmefunga siku ngapi, mmetoa zaka, hakuna, amewaambia tu nawaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote. Halafu someni mpaka mwisho mniambie walibeba zawadi gani. Luka hataji hata moja! Sisi tunawakumbuka mamajusi na dhahabu yao, uvumba na manemane, hao wako Mathayo 2 na walifika vizuri tu, lakini hawa wa mwanzo kwa Luka wamekwenda mbio wakamkuta mtoto horini wakarudi wanamtukuza Mungu, na wakapokelewa hivyo hivyo.

Na twende mbele kidogo kwenye hiyohiyo sura ya 2, mstari wa 24, hapa watu wengi tunapita haraka. Maria na Yusufu wanampeleka mtoto hekaluni, sadaka yao ni hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Sheria kwenye Walawi 12 ilisema mama alete mwana-kondoo, ila asiyemudu kondoo ndio alete ndege wawili. Kwa hiyo mama yake Bwana mwenyewe alisimama pale na sadaka ya mtu asiye na uwezo, na mkononi kamshika Mwokozi. Mama uliyeshindwa kushona nguo, huyo ndiye mwenzako.

Sasa neema. Paulo kwenye Warumi 4 anasema mtu akifanya kazi ujira wake hauhesabiwi kuwa neema, ni deni. Nyie watu wa ziwani mnaelewa hili kuliko mimi, mvuvi kakesha na taa anavua dagaa, asubuhi akipewa mgao wake hajapewa zawadi, amechukua chake, akinyimwa ana haki ya kugomba. Wengi wetu tunamwendea Mungu hivyo, nimekesha, nimefunga, nimeimba kwaya, nipe mgao wangu. Lakini Waefeso 2:8 na 9 inasema mmeokolewa kwa neema, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Mtoto wa Bethlehemu kaja kabla hatujavua chochote.

Na sisi wa huku tusijifanye hili ni jambo la mbali. Ujiji pale ilikuwa kituo cha msafara wa watumwa, watu walifungwa wakatembezwa kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilometa 1,000 kwa miguu. Mtu wa namna ile anajitoaje mwenyewe? Mfikirieni Adrian Atiman. Alizaliwa nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa akiwa mtoto akauzwa, Mapadre Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, wakamkomboa kule Algeria kwa kulipa wao. Mtoto yule hakuwa na kitu cha kuwapa, na aliyelipa hakuweza kujua atakuja kuwa nani. Akasomea udaktari Malta, mwaka 1889 akafika Karema, hapo kusini kwenye ziwa letu hilihili, akatibu watu na kufundisha dini zaidi ya miaka 60 mpaka alipofariki 1956. Angalieni mpangilio lakini. Amelipiwa kwanza, utumishi umefuata.

Hapo ndio najibu swali ninaloulizwa sana na vijana, kwamba kama ni bure si tutafanya tunavyotaka? Paulo aliulizwa hilohilo, Warumi 6, akasema hasha. Zakayo naye, yule mtoza ushuru aliyepanda mti, Luka 19, Yesu alimwambia shuka upesi leo nitashinda kwako WAKATI BADO MWIZI, hajarudisha hata senti, watu wakanung'unika, na baada ya kukaa naye ndio mzee akasimama nusu ya mali nawapa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Hakuna aliyemlazimisha. Mtu aliyepokelewa bure anabadilika kuliko aliyetishwa, mimi nimeona hilo kwa watu wengi na naliamini kwa moyo wangu wote.

Kwa hiyo wazee wa kanisa mlioko hapa, nawaomba kwa heshima kabisa, tarehe 25 msisome majina ya wasiomaliza michango. Januari tutakaa tuongee, paa litajengwa tu. Wahudumu wa mlangoni, akija mtoto na ndala na shati la shule mpelekeni viti vya mbele, asikalishwe nyuma. Na yule binti, dada zangu, nani atampitia nyumbani asubuhi aje naye? Nataka mtu anyooshe mkono sasa hivi kabla hatujaingia kwenye maswali.